Miti ya Verna na Ukurasa wa Sita

Vitabu vilifika Jumanne, maboksi manne, siku tatu kabla ya karamu. Kila Desemba kampuni ya umeme hutuletea kitabu cha kufunga mwaka: karatasi za kung'aa, picha za bwawa lililovaa theluji, picha za Wakrii, ndio sisi wenyeji wa mto huu, wakicheka. Safari hii kiliitwa Mwaka Wetu Pamoja. Verna Flett alikifungua akiwa bado amesimama mlangoni, buti hajavua, kwa sababu Glenda alikuwa amemwomba asome ukurasa mmoja kwenye karamu kwa niaba ya washirika. Glenda ni diwani wa kijiji, na ni mtoto wa marehemu dada yake Verna. Washirika ndio sisi. Tangu tulipotia sahihi ya ubia, miaka tisa iliyopita, hatuitwi tena watu wa Maporomoko Mawili, tunaitwa washirika. Maporomoko yenyewe yako chini ya maji ya bwawa, yote mawili.

Ukurasa wa kusoma ulikuwa wa sita, habari za usalama. Verna alipita kwenye maneno matamu ya mwanzo kama mtu anayetoa miiba ya samaki, mpaka akafika katikati. Paliandikwa hivi: "Mwezi Januari, mkazi mmoja aliumia baada ya kutoka nje ya njia iliyowekewa alama. Tunawakumbusha washirika wetu wote kufuata alama."

Akasoma tena. Kisha akakifunga kitabu, akakitia chini ya kwapa, akatoka na buti zake zilezile.

Mkazi mmoja ni Isaiah, kaka yake wa tumbo moja. Na hiyo njia iliyowekewa alama ni ya Verna.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mto ukishaganda, Verna hutangulia peke yake kwa miguu, mtaimbo mkononi. Hupiga barafu mara tatu, akasikiliza, akasogea hatua tano, akapiga tena. Akiridhika hutoboa tundu kwa keekee, akapima unene, akachomeka msonobari mchanga na kumwaga theluji iliyolowa kuuzunguka. Baada ya robo saa mti umeshika kama nguzo ya saruji. Juu yake hufunga utepe wa kitambaa chekundu. Kila hatua hamsini mti mmoja, kilomita thelathini na moja, kutoka kijijini mpaka kambi za mitego ng'ambo ya ziwa. Mtu akiona mti wa Verna umesimama haulizi kitu, anapita na pikipiki yake ya theluji, mke nyuma, mtoto katikati. Akiona miti miwili imepishana na kufungwa pamoja, anageuza. Hata wafanyakazi wa kampuni wanaokwenda kusoma vipimo vyao vya maji hupita humo humo. Wana mashine za kila aina, lakini barafu wanapimiwa na mama mmoja mwenye mtaimbo.

Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi, maana mto ukiganda umeganda. Siku hizi baridi ikizidi, miji ya kusini inawasha majiko yake, kampuni inafungulia maji yakazungushe mitambo, na maji yanashuka chini ya barafu. Barafu inabaki inaning'inia, paa lisilo na nguzo. Ukiitazama kwa juu ni ileile. Ndiyo maana kwenye ubia tuliandika kwamba kabla ya kushusha maji zaidi ya shubiri moja, kampuni impigie simu Verna Flett, naye akapishanishe miti. Ni sharti moja tu, na halihitaji hata elimu. Ni kunyanyua simu.

Januari ile simu haikulia. Isaiah alikuwa anarudi kutoka kwenye mitego yake, vicheche kumi na moja nyuma ya pikipiki, mti wa Verna mkono wa kulia kama kawaida, na barafu ikamwachia. Alianguka kimo chake kizima kwenye uwazi mtupu kabla hajagusa maji. Pikipiki ilizama. Yeye alishika mti uliokuwa umeanguka ukalala juu ya ufa, akajivuta, akatembea saa tatu akiwa amelowa, na baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Hospitali walimkata vidole sita vya miguu.

Verna alimkuta Isaiah jikoni kwake anakaanga mkate wa kikaango, amekaa kwenye stuli, maana kusimama sana kunamuuma. Akamtupia kitabu mezani, ukurasa wa sita juu. Isaiah alisoma huku akigeuza mkate, akasema ameshaona, Glenda alimletea asubuhi.

"Na umenyamaza?"

"Mdogo wangu, acha waandike nilipotea. Nimeshapoteza vidole, njia ni kitu gani? Lakini ukisimama ukasema nilikuwa kwenye miti yako, kesho mama mwenye mtoto atasimama kwenye barafu akijiuliza kama mti wako unasema kweli."

"Kwa hiyo ama wewe mjinga ama mimi mwongo. Na wao je?"

"Wao wana karatasi nzuri," Isaiah akasema. "Kula mkate."

Verna hakula. Alimwambia kaka yake kwamba miaka arobaini ya kutega hajawahi kukosa njia hata akiwa mlevi, na sasa wajukuu wataanza kusoma shuleni kwenye kitabu hicho kwamba babu yao hakujua kufuata miti. Isaiah akajibu kwamba akiulizwa na yeyote atasema alipotea, na mambo yaishe. Aliposema hivyo hakumtazama usoni. Verna alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita bandani, akauona ule msonobari uliomwokoa Isaiah, alioutunza tangu Januari, umeegemea ukuta, mkavu, majani yamepukutika, kitambaa chekundu kimefifia lakini kingali kimefungwa fundo lake mwenyewe. Akauchukua. Hakuomba ruhusa.

Ijumaa asubuhi, wanawake wakiwa bado wanapanga sufuria za mchuzi wa bata bukini ukumbini, alimfuata Bwana Prentice, afisa wa kampuni anayeshughulika na sisi. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaokera. Alikuwa amevaa glavu za ngozi zenye shanga alizozawadiwa siku ya kutia sahihi. Glavu hizo zilishonwa na mama yake Verna, za mwisho kabla hajapofuka. Verna alimwambia ukurasa wa sita ni uongo, ufutwe. Prentice akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya daima akitaka kuonyesha anasikiliza.

"Verna, tuliandika hivyo kwa kukustahi wewe. Tukisema alikuwa ndani ya njia, mtu atauliza ni nani aliyeiweka."

Wala hakumtisha. Alisema kama mtu anayemfunika mwenzake blanketi. Verna akauliza siku ile maji yalishuka kiasi gani. Prentice akasema takwimu hizo ziko mjini. Akauliza ni nani alitakiwa kumpigia simu. Prentice akasema watu wa zamu walikuwa wanabadilishana, lakini mwaka ujao kutakuwa na utaratibu bora zaidi. Glenda akaja akamshika mama yake mdogo kiwiko, akamwomba kwa sauti ya chini kwamba leo ni siku ya watu kula, mkataba wa ajira za vijana unasainiwa mwezi ujao, tafadhali mama mdogo asome tu. Verna akasema atasoma.

Kwetu wazee huhudumiwa kwanza, na hakuna anayehutubia mpaka wazee waweke vijiko chini. Prentice anajua, miaka tisa amekula nasi. Lakini alikuwa na ndege ya saa nane, kwa hiyo akasimama wazee wakiwa bado wanatafuna, akaeleza jinsi mwaka ulivyokuwa wa mafanikio. Mzee mmoja aliendelea kunyonya mfupa kwa kelele mpaka hotuba ikaisha. Ndipo Verna akaitwa.

Alikwenda mbele na kitabu mkono mmoja, na mkono wa pili akaburuta ule mti kutoka nyuma ya pazia la jukwaa. Hakuna mtu pale asiyejua fundo lile. Akasoma ukurasa wa sita, neno kwa neno, bila kukosea, kama Glenda alivyoomba. Alipofika kwenye mkazi mmoja aliyetoka nje ya njia, akakomea hapo.

"Kaka," akasema, "ulikuwa upande gani wa mti huu?"

Isaiah alikuwa meza ya pili, kijiko hewani. Dada yake alikuwa amemweka pabaya, na wote wawili walijua. Akisema alipotea, mambo yanaisha, na ukurasa unabaki. Akisema hakupotea, Verna ndiye aliyemwingiza shimoni mbele ya kijiji kizima. Aliutazama mti, kisha akamtazama Verna, na Verna akabaki vilevile, kidevu juu, mti ameushika kama fimbo ya kuchungia. Isaiah akainuka taratibu kwa mkongojo.

"Ulikuwa mkono wangu wa kulia," akasema. "Karibu sana. Ningenyoosha mkono ningeugusa. Kisha nikaugusa."

Watu wachache wakacheka, kisha wakaacha. Isaiah akaongeza kwamba chini ya barafu hakukuwa na maji, kulikuwa na chumba, na kama angetaka angetundika pazia humo. Hapo hakuna aliyecheka. Akaketi.

Verna akawaambia watu kwamba mti huo aliuweka yeye, alipima, barafu ilikuwa nzuri siku aliyoipima, na kwamba simu yake iko ukutani na ilikuwa nzima. Akamgeukia Prentice.

"Umenistahi sana. Sasa niandike. Andika ni miti yangu, na uandike nani aliondoa maji chini yake."

Prentice akasema hoja hiyo imesikika na itatazamwa katika toleo lijalo. Verna akamjibu kwamba njia imefungwa kuanzia leo mpaka ukurasa wa sita uchapwe upya, wenye jina la kaka yake, jina lake yeye na kipimo cha maji cha siku ile. Glenda akaficha uso kwa viganja. Wanawake wa jikoni wakaanza kugawa chai, maana karamu ni karamu.

Mchana huohuo alishuka mtoni akachomeka misonobari miwili mwanzoni mwa njia, akaipishanisha, akafunga utepe mwekundu. Si kwamba kijiji kilimshangilia. Watu wana mitego yao, na njia ya msituni inazunguka kilomita kumi na tisa zaidi. Walimnung'unikia, wengine mbele yake, na bado hakuna aliyevuka. Jumamosi asubuhi gari la theluji la kampuni likaja na vijana wake wawili wa vipimo. Verna aliwaona kutoka dirishani. Walisimama mbele ya miti, injini inanguruma, wakatazamana, mmoja akashuka akagusa kitambaa, akarudi. Wakageuza.

Saa tatu simu ikalia. Alikuwa Prentice, kutoka mjini, sauti yake imepungua asali. Akasema maji yameshuka sentimita ishirini na sita tangu jana jioni. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima mtu wa kampuni kumpigia habari ya maji, na mwaka ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.

"Soma tena," Verna akasema. "Polepole."

Akasoma tena. Verna akaandika kwenye kalenda ya ukutani, akauliza habari ya ukurasa. Prentice akaeleza kwamba wachapaji wamefunga kwa sikukuu. Verna akamwambia basi hata mto umefunga kwa sikukuu, akatundika simu.

Isaiah alikuwa amekaa mezani kwake, amekuja kuudai mti wake. Verna akamwambia amechelewa, mti tayari uko kwenye uzio wa ofisi ya diwani, na utakaa pale. Isaiah akanywa chai kwanza.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa," Isaiah akakubali. Kisha akamwomba mtaimbo, akaushike na yeye kidogo, maana njia ya msituni ina kijito kimoja cha kuvuka na mtu lazima akipime. Verna akamtazama miguu, akachukua mtaimbo mwenyewe, akavaa buti.