Kabureta ya Midomo Miwili

Mafuta ya taa yakikutana na grisi kuukuu hutoa harufu isiyotoka mikononi hata kwa sabuni ya kufulia. Jumamosi iliyopita, asubuhi, harufu hiyo ilipenya dirishani nikiwa bado nimekaa kwenye msala baada ya kuswali, nikajua mjukuu wangu Nassoro ameanza kuifungua pikapu. Pikapu yenyewe ni ya marehemu baba yangu. Imekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo tangu nilipokuwa mtoto. Chumvi ya bahari imeitafuna milango, na kuku wametagia kwenye kiti cha dereva vizazi na vizazi. Nassoro anasema magari ya zamani ya namna hiyo sasa yanatafutwa na vijana wa Dar, na yeye hataki kuifufua tu. Anataka injini iwe kali kuliko ilivyotoka kiwandani. Hakujua kwamba injini ile imekwisha kufanywa kali mara moja.

Nitawaeleza nyinyi, kwa sababu humu nyumbani sijapata kulieleza lote.

Baba yangu, Salehe, alikuwa akipeleka samaki Dar es Salaam. Matenga yalipakiwa alfajiri, yakafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na barabara ya wakati huo ilikuwa ama vumbi tupu ama tope tupu. Aliyewahi mnadani aliuza. Aliyechelewa aliwabembeleza wanunuzi huku nzi wakimsikiliza. Utingo wake alikuwa mjomba wangu Haji, mdogo wake mama, kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Haji hakupenda kukaa mbele. Alipanda juu ya matenga, kofia yake ameifunga kwa kitambaa isipeperuke, akaimba njia nzima. Jioni alirudi akinuka samaki, akanibeba mabegani mpaka mama akalalamika kwamba nguo zangu zinaita paka wa mtaa mzima.

Kisha mzee mmoja wa mtaa wa pili, Seif, akanunua pikapu mpya. Siku moja ya likizo nilikuwa nimekaa mbele, ubavuni mwa baba, tukapitwa pale Kerege. Mzee Seif alipunguza mwendo kwa makusudi, akatoa kichwa dirishani.

"Salehe! Nikuagizie chai, au itapoa?"

Mjomba Haji akamjibu kutoka juu ya matenga, "Agiza na maandazi, Mzee Seif, tunakuja kuyala!"

Watu wa kando ya barabara wakacheka. Baba hakucheka. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona taya lake likitembea kama la mtu anayetafuna kitu kigumu.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine ila ya injini. Baba na fundi wake Mbaruku, mtu mnene mwenye mdomo usiopumzika, walikwenda kwa wauza vyuma chakavu wa Dar, wakarudi na vitu vimeviringishwa katika magunia. Walichagua pistoni pana kidogo kuliko za awali, na silinda zikakerezwa ili zizipokee. Walichagua kamshafti iliyochongwa upya, vali zifunguke zaidi na injini ivute pumzi ndefu. Walichagua bomba nene la eksozi, ambalo Mbaruku alilipuliza kwa mdomo kama baragumu. Mimi nilivishika vyote. Asubuhi nilikuwa mtoto wa madrasa na jioni mtoto wa gereji, na siku moja nilichapwa kwa kuacha alama ya kidole cha grisi kwenye juzuu.

Ikabaki sehemu moja. Mbaruku alikuwa na kabureta ya midomo miwili, iliyotoka kwenye gari la starehe. Pia alikuwa na seti ya breki kubwa, iliyotoka kwenye lori dogo lililopinduka. Kwa fedha aliyokuwa nayo, baba aliweza kuchukua kimoja tu.

"Bwana Salehe," fundi alisema, "injini hii ukishaipa nguvu itakudai breki. Mteremko wa daraja la Mpiji unaujua."

"Anayefika mwisho kila siku ni mimi, Mbaruku, si wewe."

"Kufika utafika. Mimi nauliza utasimamaje."

Baba akaniita.

Kwetu kulikuwa na desturi ya mkono wa mtoto. Gunia jipya la mchele lilifunguliwa na mtoto. Kitambaa cha nguo za Idi, kabla fundi cherehani hajatia mkasi, kilishikwa kwanza na mtoto. Mtoto hana dhambi, walisema, basi anachokigusa mwanzo kinapata baraka. Lakini desturi ile ilikuwa ya kuanza jambo. Haikuwa ya kuliamua. Watu wazima waliamua kwanza, ndipo mtoto akaitwa kubariki. Baba siku ile aliigeuza, na hakuna aliyemkataza.

"Bakari, njoo. Mbaruku, funga mdomo. Tumwachie mtoto."

Kabureta ilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, imesuguliwa kwa mafuta ya taa mpaka shaba yake inang'aa. Breki zilikuwa chini, ndani ya gunia lililofunguliwa mdomo, bado zina tope la ajali. "Sema bismillahi, uchague," baba aliniambia, akanishika bega. Nikasema bismillahi. Nikaweka kiganja juu ya kabureta. Ilikuwa baridi, na nilihisi baba akishusha pumzi.

"Umeona?" akamwambia Mbaruku. "Mtoto kasema."

Mbaruku alinyanyua kikombe chake cha kahawa kutoka juu ya kibamba cha chuma kilichokuwa hapo mezani, kibamba chenye matundu mawili ya mviringo, akapangusa kahawa iliyomwagikia, akakipachika chini ya kabureta na kuanza kukaza nati. Kabla ya magharibi injini ilikuwa inanguruma. Nilizunguka mji mzima nikijisifu kwamba mimi ndiye niliyechagua.

Na kweli, kwa muda tulikuwa wa kwanza. Mzee Seif aliitwa kunywa chai, tena na Haji mwenyewe, aliyesimama juu ya matenga na kumpungia kitambaa. Haji alinihadithia kwamba upepo wa mwendo ule ulimtoa machozi, akadai ni machozi ya furaha.

Masika ilipoanza, asubuhi moja ya mvua, pikapu iliteremka Mpiji na kukuta mkokoteni wa ng'ombe umekwama mwanzo wa daraja. Baba alikanyaga breki. Watu waliokuwapo walisema gari halikupunguza kitu, lilinguruma tu mpaka likagonga ukingo. Baba alivunjika mkono. Haji hakuwa na pa kujishika. Walimkuta chini, karibu na maji, samaki wametapakaa pande zote za mwili wake.

Siku ya pili ya matanga mama alisimama kwenye mlango wa uani, macho yamevimba, akamwuliza baba mbele ya shangazi zangu, "Fundi alikwambia habari ya breki?"

Baba alikuwa na mkono uliofungwa. Hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Aliyechagua ni Bakari," akasema. "Mkono wa mtoto. Basi ilikuwa kadari."

Mama akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni kwamba ndani ya jibu lile mlikuwa bado mna chembe ya fahari. Mama hakunipiga wala hakunikemea. Alinipangusa pua kwa ncha ya kanga yake, akaingia ndani. Lakini kuanzia siku ile, kila aliponipakulia chakula, alikitazama chakula, si mimi. Alizeeka hivyo, akafa hivyo. Pikapu ilivutwa ikaletwa nyuma ya nyumba, na nilikulia mbele yake nikiamini kwamba nilimuua mjomba wangu kwa kiganja.

Sasa nirudi Jumamosi. Nilijikongoja uani, Nassoro akanipa shikamoo kwa mdomo tu, maana mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Alikuwa amekwisha kuifungua kabureta. Akanionyesha kibamba cha chuma chenye matundu mawili.

"Babu, aliyechonga hiki alikuwa na subira. Kabureta hii si ya gari hili, bila hiki haikai. Na ona, amekata kwa tupa, kwa mkono! Kazi ya kutwa nzima, kama si zaidi."

Nikakaa juu ya tairi.

Kutwa nzima. Na siku ile kilikuwa tayari mezani, kimebeba kikombe cha kahawa, kabla sijaitwa. Baba alikuwa amekwisha kuchagua. Aliuchukua mkono wangu autie juu ya jambo lililokwisha, kama mtu anayepiga muhuri, na muhuri ule akauweka akiba kwa siku ya kuuhitaji.

Baba alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, aliniomba radhi. Kwetu kila mgonjwa huomba radhi, na kila mtu hujibu haraka haraka, kwa adabu. Alinishika mkono wa kulia, akakifunua kiganja, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Nikajibu, "Nimekusamehe, baba, na wewe unisamehe." Alikaa akinisubiri nimwulize ni kwa lipi. Sikumwuliza. Sasa sijui kama nilisamehe au nilifunga mazungumzo tu.

Ningependa kuishia hapo, na lawama yote ilale kaburini kwake. Lakini nami nina kibamba changu. Mwanangu wa kwanza, Athumani, baba yake huyu Nassoro, alipofaulu kwenda sekondari, nilimwita nikamwambia achague mwenyewe, shule au duka letu. Nilimwambia hivyo wakati funguo za duka nimekwisha kumtia mfukoni. Akachagua duka. Kila alipolalamika miaka iliyofuata nilimkumbusha mbele ya watu kwamba hakulazimishwa. Leo anakaa Lugoba, anauza saruji na misumari, na akinipigia simu anauliza afya yangu, anaaga.

Nassoro alinifuata pale kwenye tairi na simu yake. Alikuwa na picha za vifaa viwili, kabureta mpya na seti ya breki za kisasa. Hana fedha ya kununua vyote viwili mwezi huu. "Chagua wewe, babu," akasema, akicheka. "Gari la kwenu."

"Breki," nikamwambia. "Na ukiulizwa, sema aliyeamua ni babu. Usiseme tulikubaliana."

Akanitazama kama anayetaka kuuliza, kisha akarudi kwenye injini yake. Nami niliingia ndani kutafuta kanzu ya safari. Nitakwenda Lugoba kumwomba Athumani radhi. Sitamwambia "nisamehe" peke yake. Nitazitaja funguo, nitautaja na mfuko wa shati nilimozitia, ndipo ninyamaze. Hapo ndipo atakapokuwa na kitu cha kuchagua, na huenda akachagua kutonijibu.