Kilio Uani kwa Mwanaima

Bongwe nzima ilimjua Inspekta Charo, na hakuna aliyejishughulisha kujua kwamba mwigizaji wake aliitwa Muindi. Mchezo wenyewe ulikuwa na jina lake refu, lakini watu waliuita Charo, basi. Kila Jumatano jioni Kamene, Mkamba mwenye duka dogo na runinga ya betri ya gari, aliitoa runinga hiyo barazani, na hata waliompita mchana kutwa bila salamu walikuja na mikeka yao. Mwanaima hakukosa. Alikaa mbele kabisa, goti bovu amelinyoosha, akisuka makuti yake bila kuyatazama, na Charo akimfukuza mwizi yeye ndiye aliyemwonyesha njia.

"Kulia, mwanangu. Amepinda kulia."

Walimcheka, naye alicheka nao. Lakini lilikuwapo jambo ambalo hakuna aliyelicheka. Mwaka uliotangulia, mwaka ule wa fujo, Abubakar, mwanawe wa pekee, alitoka asubuhi kwenda Ukunda kununua mafuta ya taa, asirudi. Wengine walisema alionekana akipakiwa kwenye lori na vijana wenzake. Wengine walisema alikimbilia msituni. Wale wa maneno mengi walisema wamemuota. Mwanaima alikwenda kituoni, akaambiwa arudi kesho. Akarudi, akaambiwa mwenye habari hayupo. Akarudi tena, akamkuta mwenye habari anakunywa chai, naye akamwambia akaulize kwingine. Hakuna aliyemfukuza. Laiti wangemfukuza, angalau angejua kwamba wamemwona. Yule wa mezani hakuinua hata kichwa.

Charo aliinua kichwa. Hilo ndilo alilompendea. Kila mama aliyeingia katika kituo chake cha polisi mle runingani alipewa kiti kwanza, kisha Charo akavua kofia, akamwambia, "Mama, bado tunamtafuta." Mwanaima hakuwa mjinga, alijua ni mchezo. Lakini watu hawa, alimwambia Kamene, wanavaa nguo za askari na wanapanda magari ya askari. Si ajabu wakawa wanajuana nao.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Shemeji yake Abdurahman, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka hanga liwekwe, kama Wadigo wanavyoyaita matanga. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

"Shemeji, mtazame Warda," alimwambia. "Msichana mbichi, si mke, si mjane. Tumsomee mwenzetu dua, naye akae eda yake, kisha aendelee na maisha."

"Nionyeshe kaburi," Mwanaima alijibu.

Warda, mkaza mwanawe, alikuwa papo hapo akichambua mchele. Mambo yakaishia hapo, kwa sababu katika ukoo wao mama ndiye anayefungua kilio cha mwanawe. Kabla yeye hajalia, hakuna anayetandika jamvi. Basi Mwanaima hakulia. Alipofiwa na dada yake alitoa machozi bila sauti, akiogopa watu wasije wakadhani anamlilia mwanawe. Muda wote huo kilio alikifungia kifuani, na kwa kukifungia ndivyo alivyomweka mwanawe hai.

Sasa fikiria Ukunda ilivyokuwa siku ilipojulikana kwamba Charo na wenzake wako Diani. Hoteli zilikuwa tupu tangu fujo, wapiga picha wakapata vyumba bila taabu, na walinzi wa langoni wakapata kazi ya kuzuia watu. Aliyeigiza jambazi, bwana mpole, mtu wa kanisani, alinyimwa viazi karai sokoni mpaka arudishe ng'ombe wa yule mjane aliyemwibia mchezoni. Dereva wa gari lao la askari aliombwa na watu wazima na akili zao akamfukuze mwizi wa mbuzi. Kamene alifunga duka, akamtia kuku wake mmoja kwapani, akamshika Mwanaima mkono, wakaenda.

Muindi alitoka nje kuwasalimu watu, tena kwa moyo mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Watu wakacheka. Neno lililomleta lilikuwa ulimini, lakini umati ulimsonga na neno likagoma kutoka. Badala yake akajisikia anamwambia ajihadhari na yule koplo wake, maana si mtu yule. Muindi akacheka sana. Nyuma yake alikuwa Hannah, mwongozaji wa mchezo, mwanamke mrefu kutoka Nairobi, na macho yake hayakutoka usoni pa Mwanaima. Alimwomba awe mama katika mchezo, mama ambaye Charo anamletea habari kwamba mwili wa mwanawe umepatikana. Mwanaima alikubali kabla maelezo hayajaisha. Alilolisikia yeye ni kwamba atasimama ana kwa ana na Charo bila umati.

Njiani Kamene alimsimamisha. "Mama Abu, umesikia ni mama gani huyo?"

"Nimesikia. Nitalia kwa macho tu. Sauti sitoi."

Picha zilikuwa zipigwe ufukweni, lakini asubuhi hiyo upepo ulizidi, na Hannah akaamua kuhamia uani kwa Mwanaima mwenyewe. Aliipenda nyumba ile ya udongo na paa lake la makuti. Hakuna jirani aliyepewa habari. Wapalilia mihogo waliinua vichwa wakaona gari la askari likikata mashambani, ndani yake askari waliovaa rasmi, likisimama mlangoni kwa Mwanaima. Walijua ni mlango wa nani. Walisimama na majembe yao mikononi.

Uani, Muindi alishuka garini akiwa Charo mzima. Alivua kofia. "Mama, tumempata mwanao. Pole sana."

Mwanaima alitoa machozi, wala hayakuwa ya kuigiza. Midomo aliifumba kabisa.

"Kata," alisema Hannah. "Vizuri sana, mama. Lakini naomba na sauti. Lia kama mnavyolia huku kwenu."

"Huku kwetu hatulii bure, mwanangu."

"Mara moja tu, mama."

"Hannah, machozi yanatosha," alisema Muindi.

"Hayatoshi."

Mwanamke huyu hakuwa na roho mbaya. Amekulia mahali ambapo mtu akilia jirani hufunga dirisha, na akadhani kilio ni kitu cha kuazimwa na kurudishwa. Wakarudi mwanzo. Gari likaja, mlango ukafunguliwa, kofia ikavuliwa. Safari hii Muindi, kwa huruma yake, alimshika Mwanaima mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "tumempata mwanao."

Hakuna aliyewahi kumshika mikono. Hapo mwili wake ukasahau kwamba ni mchezo. Kilio kilimtoka kutoka chini ya kitovu, kile kirefu chenye jina la mtoto ndani yake, na jina alilolitaja halikuwa lile aliloelezwa. Alimtaja Abubakar. Sauti ilipita juu ya mihogo, ikavuka njia kuu, ikafika kisimani.

"Safi kabisa," alisema Hannah akijipangusa macho. Kisha ndege ndogo ikapita juu ikiteremka Ukunda, fundi wa sauti akatikisa kichwa, na Hannah akaomba irudiwe. Kuomba kwenyewe hakukuwa na haja. Mwanaima alikuwa bado analia na hakuweza kunyamaza.

Kama wako waliokuwa na shaka mashambani, hawakuwa nayo tena. Gari la askari, kisha kilio cha mama. Mtu angoje nini? Wa kwanza kuingia alikuwa jirani wa upande wa bondeni, leso kaifunga kiunoni, kapu la unga kichwani. Nyuma yake wakaja wenye mikeka, wenye kuni, wenye sufuria. Walimkumbatia Mwanaima, wakaungana naye kulia. Warda alitoka mbio kisimani. Alipofika uani alikuwa ameshavua herini na bangili, amezifumbata.

"Ni mchezo," Mwanaima alisema sauti ilipomrudia. "Jamani, ni mchezo. Hawa wanapiga picha tu."

"Ndiyo, mama, ndiyo," walimjibu, kwa sauti ile anayojibiwa mfiwa. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumkumbatia.

Kamene, aliyekuja naye kutazama picha zikipigwa, alipiga kelele kwamba ni kweli, ni mchezo, ni Charo huyu, mtazameni. Waliomtazama walimtambua, na wakaduwaa. Lakini jiko lilikuwa limeshawashwa. Ndipo akaingia Abdurahman, ndara moja mguuni, nyingine imebaki njiani. Kamene alimweleza yote. Aliitazama kamera, akamtazama Hannah, akamtazama Muindi na nguo zake za askari, akaelewa. Akaketi chini palepale.

"Shemeji," alisema, "nimelia kutoka shambani mpaka hapa. Mwaka mzima nimeyazuia machozi kwa ajili yako. Sasa yametoka. Niyarudishe wapi?"

"Abu yu hai, Abdurahman."

"Inshallah. Lakini umelia."

Mwanaima alimgeukia Warda. Alijua kwamba mmoja tu akikataa pamoja naye, jambo hili lingeweza kuzimwa, watu wakala ugali wao wakaenda makwao wakicheka.

"Warda, mwanangu, vaa herini zako."

Warda alifumbua kiganja, akazitazama. "Nimechoka, mayo," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mama. Akakifumba tena.

Wanaume wakatandika jamvi. Wapiga picha walisimama kando kama wageni waliokosea nyumba. Mwenye kamera aliinyanyua kidogo, Muindi akamzuia kwa mkono, akaishusha. Kisha yeye mwenyewe akapita katikati ya wanawake, kofia mkononi, akachutama mbele ya Mwanaima.

"Mama, nisamehe."

"Mwanangu, nilikuwa na neno tangu siku ile langoni. Mnajuana na askari, wale wenyewe?"

"Hapana, mama. Nguo hizi hutushonea fundi. Simjui askari hata mmoja."

Mwanaima akatikisa kichwa polepole. Alikuwa anajua, na bado ilimuuma.

"Basi niambie lile lako. Lile unalowaambia wenzangu kila Jumatano."

Muindi alimtazama Abdurahman, akawatazama wazee waliokwisha kukaa jamvini. Sauti yake haikuwa ile ya runinga. Ilitoka nyembamba, na mwisho ikakatika.

"Mama, bado tunamtafuta."

"Ahsante," alisema Mwanaima. Alilitafuta neno hilo mwaka mzima, na ndilo hilo tu alilolitaka kwa mtu aliyevaa nguo zile.

Abdurahman akaita Fatiha. Viganja vikainuka ua mzima, hata vya Kamene, ambaye ni Mkristo na hakujua afanyeje vingine. Mwanaima alivificha vyake chini ya leso kadiri alivyoweza. Kisha yule jirani wa bondeni akautafuta mkono wake wa kulia, Warda akautafuta wa kushoto, wakaiinua pamoja na yao.