Kasoro Kwanza

Mume wangu aliposema hadithi yangu ni nzuri, nilinuna siku tatu.

Msinishangae. Nyumbani kwetu Butimba tuna sheria moja: kasoro kwanza, sifa baadaye. Tuliiweka tangu uchumba. Yeye ni fundi wa kupaka rangi mitumbwi, na siku moja alinipeleka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kunionyesha sato aliyemchora ubavuni mwa mtumbwi mpya. Nikamwambia huyo si sato, ni kandambili yenye macho. Mwingine angekasirika. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akamfuta samaki wake na kumchora upya. Jioni akaomba asome hadithi niliyokuwa nimeandika. Akanirudishia daftari akisema, "Mwalimu, mvua yako hii inanyesha ukurasa mzima, lakini hakuna anayelowa." Nilitamani kumpiga na kiatu. Nikasoma tena peke yangu, nikaona ni kweli, hakuna anayelowa. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nitaolewa naye.

Ndugu zangu wa Bukoba waliniuliza kama wanaume wa kwetu wameisha mpaka niende kula michembe, viazi vyao vikavu, huko Usukumani. Yeye naye, nikimsahihisha neno tu, ananiita nshomile, kwa jinsi sisi Wahaya tunavyosemwa kwa kuringia shule. Namjibu kwamba Wasukuma hawawezi kutunga wimbo mpaka kwanza wapate mtu wa kushindana naye. Ndivyo tulivyoishi, tunataniana na tunakosoana.

Tuna kaunta buku moja. Mimi naandika hadithi kuanzia mbele, yeye anachora nakshi za mitumbwi kuanzia nyuma, na tukikutana katikati tunanunua lingine. Kila asubuhi kabla sijaenda kufundisha tunakaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, chai na viazi vitamu katikati yetu. Ananipa kasoro yangu, nampa yake.

Mengi ya kuandika nimejifunza kwake, ingawa mbele ya watu sikubali. Sehemu anayoipaka kwa uangalifu kuliko zote ni ile inayozama majini. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mahali pasipoonekana. "Samaki nao wana macho," akasema. Kisha akaacha utani, akaniambia mtumbwi unaanza kuoza pale ambapo watu hawatazami. Tangu hapo, nikifika kwenye ile mistari ya hadithi ambayo msomaji ataipita haraka, naiandika polepole.

Basi mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, kasoro zikakatika. Namsogezea buku, anafunua kurasa, anatulia, kisha: "Nzuri, Mwalimu." Kesho yake, nzuri. Wiki nzima, nzuri, nzuri, kama mgeni anayesifu chakula ili aondoke. Hapo ndipo niliponuna. Nikageuza buku nyuma, sikuona mchoro mpya hata mmoja. Nikajiambia, akufukuzaye hakwambii toka. Huyu amezichoka hadithi zangu, na pengine mwenye hadithi naye amemchoka.

Nikamtega. Niliandika ukurasa wa upuuzi mtupu, jua linazama upande wa Nyakato, na bibi mmoja wa Kihaya anasonga ndizi kama ugali. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hili anajua jua linazamia ng'ambo, Sengerema. Na kuhusu ndizi, miaka yote ya ndoa ameziona zikipikwa kila Jumapili. Akafunua, akatulia, akasema, "Leo nzuri sana."

Nzuri sana! Weee!

"Husomi!" nikafoka. "Unanidanganya kama mtoto. Kama umenichoka sema, kwetu napajua na meli ninaijua!"

Aliweka kikombe chini, akapapasa kwa mguu kutafuta kandambili zake, akaondoka. Nilimwona akipapasa. Sikujiuliza kwa nini, nilikuwa na hasira.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Nikajifunga khanga, nikamfuata mwaloni ili nimalizie maneno yangu. Kijana mmoja wa Sengerema, mwenye mtumbwi uliokuwa ukipakwa rangi, alinipokea kwa shikamoo na kicheko. "Mama, fundi wetu siku hizi anabusu mitumbwi," akasema, akanionyesha kwa kidole.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti, uso unakaribia kugusa mbao. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia, kinatafuta alama za nakshi ya zamani, na brashi inafuata nyuma yake. Alikuwa anachora mawimbi. Nikatazama mitumbwi miwili iliyokuwa inakauka pembeni: mawimbi yale yale. Huyu mtu ambaye hakuwahi kurudia nakshi hata alipobembelezwa! Maneno yote niliyokuja nayo yaliniishia mdomoni. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutaka ardhi inimeze.

Nikachuchumaa karibu naye. "Tangu lini?"

Aliijua sauti yangu. Hakugeuka. "Tangu mavuno."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungenihurumia," akasema. "Mtu akikuhurumia hakukosoi tena. Na kasoro zako ndizo zinaniamsha asubuhi."

Waliosema mficha maradhi kilio kitamfichua, hawakumjua mume wangu. Yeye alikuwa ameshapanda kivuko peke yake mpaka hospitali ng'ambo, huku akinidanganya kwamba anafuata rangi. Walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe moja kwanza. Akarudi kimya. Baba yake mdogo alitiwa dawa ya macho na mganga kijijini, akapofuka moja kwa moja.

"Yule alikuwa mganga, hawa ni madaktari," nikamwambia.

"Mwalimu, hiki kidogo ninachoona, kikipotea, mimi nitakuwa nani?"

Nshomile mzima, nikaishia kumfuta rangi kwenye kidole gumba kwa pindo la khanga.

Nilitaka kumburuta hospitalini siku hiyo hiyo, lakini Msukuma ukimvuta anakaa chini. Badala yake nikaanza kumsomea kwa sauti kila asubuhi juu ya jiwe. Lo! Nilidhani ananikosoa vikali alipokuwa anaona. Sasa alikuwa anasikia. "Hapo umeweka neno ili ionekane unalijua." "Hapo huyo mama hasemi, unasema wewe." Macho yangu yalikuwa yanayapita hayo kila siku kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nikawa naenda shuleni na hasira, na mchana natoa neno, naona sentensi imepumua.

Ndipo nikaandika hadithi ya fundi wa mitumbwi mwenye mtoto wa jicho. Katika hadithi anaamka, anavaa shati safi, anavuka ziwa, anapasuliwa, anapona. Nikamsomea. Chai ilipoa kabla hajaigusa.

"Kasoro," akasema. "Fundi wako haogopi."

"Basi niambie anavyoogopa, niandike."

Akaniambia. Aliongea mpaka nikachelewa shule kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Aliniambia anaogopa kisu, na anaogopa giza, lakini zaidi anaogopa kukaa hapa juu ya jiwe siku nzima akiningoja nirudi. Niliandika yote. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa huyo mtu wako, na woga wote huo, bado anavuka?"

"Sijui," nikasema. "Wewe ndiye unayemjua."

Wiki iliyofuata akaomba shati safi, tukapanda kivuko.

Walipasua jicho la kulia. Siku walipolifungua alisema anaona mwanga, anaona dirisha, ananiona mimi. Lakini sikumwamini. Mtu aliyenidanganya kwa neno "nzuri" angeshindwaje kunidanganya tena ili nisilie? Nikarudi nyumbani na wasiwasi wangu, nikamalizia hadithi ya fundi, na alipomaliza dawa za matone nikamwekea buku mkononi, kule kule juu ya jiwe. Nikasema asome mwenyewe, mimi sisomi.

Akafunua. Nilikuwa naogopa neno moja tu. Akisema nzuri, basi haoni, na tutaanza upya na uongo wetu. Nilijifanya namenya kiazi. Alifunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kiazi nilikimenya mpaka kikabaki kama kidole.

"Kasoro," akasema.

Sikuweza kumtazama.

"Hapa mwishoni umeongopa. Umeandika mke wa fundi alikaa kwenye benchi la hospitali ametulia, anaomba Mungu. Katulia nani? Mimi nilikuwa ndani nimefunikwa uso, na nilikusikia ukilia mpaka nesi akakutoa nje."

Nikalia tena, pale pale, na kisu mkononi. Nikamwambia nitarekebisha.

"Rekebisha."

"Na sifa?" nikauliza. "Sheria ni sheria. Sifa iko wapi?"

"Ngoja," akasema. Akaligeuza buku upande wa nyuma, akatafuta ukurasa mtupu, akaninyooshea mkono nimpe penseli.