Njia ya Mtu Mmoja

Kumfundisha mtu mzima kuendesha baiskeli ni kazi ya mdomo kuliko ya mikono. Kila Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala lililofungwa, Mama Kengele alishika kiti cha baiskeli kwa nyuma, akakimbia nacho huku akisema bila kupumua: "Niko hapa hapa. Tazama mbele. Usitazame gurudumu, halina la kukwambia. Niko hapa hapa."

Kisha aliachia, mwanafunzi asijue. Ila hakuacha kusema. Alishagundua kwamba akinyamaza tu, mtu huanguka palepale. Basi alisimama katikati ya uwanja, mikono mitupu, akizidi kupaza sauti kadiri mwenzake alivyozidi kwenda mbali: "Niko hapa hapa!"

Aliwafundisha wengi: mpishi wa shule, wauguzi, fundi cherehani mwenye miwani minene. Kila aliyejua alimkumbatia, akamwita mwalimu, na asionekane tena. Baiskeli zao ziliishia barazani, zikaanikiwa nguo. Huyu mumewe kakataa, yule anaogopa kufika kazini na jasho, mwingine anasema madereva wa mji huu wanaendesha kama wamekorofishana na dunia. Mama Kengele hakuwalaumu. Alichokitaka ni mtu mmoja tu wa kwenda naye kazini.

Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, katika chumba ambamo mashine zilinguruma mpaka watu wakazoea kuongea kwa nyusi. Nyumbani nako palikuwa kimya. Mumewe alifuata kazi mji mwingine, na kazi ikamweka. Salamu zake zilipitia kwa wifi, kisha hata kwa wifi zikaadimika. Sufuria kubwa Mama Kengele aliipandisha juu ya kabati.

Ndipo manispaa ikapaka njia ya baiskeli kando ya barabara kuu, utepe wa kijani uliotengwa na magari kwa vigingi vya plastiki. Siku ya kwanza alipiga kengele mwanzo hadi mwisho, bila mtu wa kumpisha. Jina lilianzia hapo.

"Mama Kengele!" dereva wa teksi alimwita, gari lake limepanda juu ya kijani. "Barabara yote hii umeandikiwa wosia?"

"Nimeandikiwa, na wewe umeulalia urithi wangu. Sogea!"

Dereva akacheka, akasogea. Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu kuliko yote.

Ijumaa moja msimamizi wa barabara alimsimamisha njia panda.

"Mama, mwisho wa mwezi tunang'oa vigingi. Wenye maduka wanataka pa kuegesha, na mimi kila nikipita namwona mtu yule yule."

"Kwani mmoja si mtu?"

"Ni mtu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Njia haiwezi kuwa ya mtu mmoja."

"Njoo Jumatatu asubuhi utuone."

"Mtakuwa nani na nani?"

"We njoo."

Jioni ile alizunguka kwa wanafunzi wake wote. Walikubali upesi mno, angepaswa kushtuka. Mwisho alifika kwa wifi yake, muuza vitambaa, mwanamke mnene mwenye mzaha wa kuamsha mtaa. Wifi naye aliwahi kuja uwanjani, mara moja tu. Alipokuwa anakwenda vizuri aligeuza shingo, akamwona mwalimu yuko kule nyuma, naye akaenda chini na baiskeli yake.

"Wifi, Jumatatu twende wote."

"Na wewe tena? Uliniambia uko hapa hapa, nageuka nakuona umesimama kama nguzo ya umeme!"

"Ungejua nimeachia ungeanguka."

"Kwani sikuanguka? Goti langu mpaka leo linatabiri mvua! Muongo mkubwa wewe."

"Muongo ni kaka yako, aliyesema anakwenda mara moja tu."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Wifi alichukua kitambaa kilichokwisha kunjwa, akakikunja tena. Mama Kengele aliaga, akaondoka.

Jumatatu alisimama penye kituo cha mafuta, pale kijani kinapoanzia. Ng'ambo, msimamizi alikuwa amejiegemeza kwenye pikipiki yake. Simu ilitetemeka mfukoni: mtoto kaamka na homa, tairi halina upepo, kesho, mwalimu, Mungu akipenda. Fundi cherehani hakutuma hata neno. Mama Kengele alirudisha simu mfukoni, akapanda. Hata aibu yake ilibidi aende nayo kazini.

Hakuwa amefika mbali aliposikia nyuma yake mlio kama wa masufuria yanayobingirika.

"Pisha! Pisheni jamani!" Hapakuwa na wa kupisha. "Wifi, usisimame! Ukisimama na mimi itabidi nisimame, na kusimama hukunifundisha!"

"Baiskeli umeitoa wapi?"

"Ya yule fundi wako. Kaniambia nimwanikie nguo zake ndani, akanipa. Tazama mbele wewe!"

"Na goti?"

"Linakusalimu." Wifi alihema kidogo. "Kaka yangu simtetei. Nimeona nikwambie."

Walipita mbele ya msimamizi. Aliwafuata kwa macho, uso wake usiseme ndiyo wala siyo. Wawili si wengi.

Karibu na hospitali barabara hupanda. Mama Kengele alikanyaga pedali, akasikia ule mlio wa masufuria ukipungua nyuma yake.

"Wifi?"

"Niko hapa hapa!"

Sauti ilikuja kwa nguvu, kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye karibu. Hakuna aliyejua kama yeye kwa nini mtu hulipaza neno lile. Hakugeuka. Alitazama mbele, akapiga kengele mara moja, kwa nguvu, ili isikike na aliye mbali.