Alama ya Chaki

Mume wangu hakuwa mlevi. Wanaosema mikono yake ilitetemeka kwa pombe, na kwamba pombe hiyo ndiyo iliyomuua mwendesha pampu, hawakuwahi kuketi naye mezani. Mimi nimeketi naye miaka ishirini na sita. Alishika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu mtetemo wa grenda, mashine ya kusagia chuma, ulikuwa umemla mishipa. Chai ikimwagika alicheka: "Mama watoto, hiki kikombe nacho kinataka kusawazishwa."

Kusawazisha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Gurudumu la pampu, lile lenye mapezi yanayosukuma maji, likiwa zito upande mmoja hutikisa mashine mpaka ivunjike. Yeye alilipachika kwenye shafti, ule mhimili wake wa chuma, akaiweka shafti juu ya vyuma viwili vilivyopimwa kwa pimamaji, akaliacha lijizungushe lenyewe. Upande mzito hushuka. Aliupiga alama ya chaki, akabandika donge la nta upande wa pili, akalipunguza na kuliongeza mpaka gurudumu litulie popote linapoachwa. Ndipo alipolibandua donge, akalipima, akasaga chuma cha uzito huohuo kwenye upande wenye chaki. Karakana ilikuwa na sheria moja: alama hufutwa na aliyeichora, tena baada ya kusaga.

Siku ya ajali nta ilikuwa imebandikwa kwa nyuma, mahali pasipoonekana ukisimama mbele. Kabla hajawasha grenda, vidole vyake vilikufa ganzi, akaenda zahanati. Mdogo wake, ambaye ndiye msimamizi wa karakana, alikuwa akipigiwa simu kila dakika: mitaa haina maji. Mume wangu aliporudi, alikuta vyuma vitupu, gurudumu limeshapelekwa kufungwa.

Pampu iliwashwa saa nane mchana. Maji yakaibandua nta. Beringi zilipasuka, na kipande cha chuma kikamkuta mwendesha pampu akiandika kwenye daftari lake. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Jioni shemeji alikuja kwetu. Nilikuwa jikoni, mlango uko wazi.

"Kaka, nililizungusha mara tatu. Likatulia tuli! Nikajua umemaliza, umesahau tu kufuta, nikaifuta mimi."

"Lini umeniona nikasahau?"

"Kaka..."

"Litaachaje kutulia, na nta yangu imo? Ulipapasa nyuma?"

Shemeji akaanza kueleza habari za simu.

"Wewe, nimekufundisha mwenyewe. Ulipapasa?"

"Sikupapasa."

Nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ya chini, "Watoto wako bado wadogo. Wakaguzi wakiuliza, chaki nimefuta mimi."

"Na shemeji huko jikoni je?"

"Shemeji yako amesoma. Anajua kunyamaza."

Mimi sikuulizwa.

Kesho yake alitia saini karatasi ya kazi mbele ya wakaguzi, kwamba gurudumu alilimaliza na kulitoa yeye. Waliona saini inavyopinda, wakatazamana. Uvumi wa pombe ulizaliwa palepale. Alifukuzwa. Mafundi aliowafundisha wakawa wanavuka barabara wakimwona. Miaka mitatu alikaa mezani akizungusha sahani tupu kwa kidole, akingoja aone itasimamia wapi. Nikiiondoa, alichukua nyingine. Tulipomzika, mdogo wake alibeba jeneza, upande wa kichwani.

Nilinyamaza miaka tisa. Mwezi uliopita watu waliokuja kumposa binti yangu waliondoka bila kumaliza chai, kwa sababu jirani aliwanong'oneza kwamba huyu ni mtoto wa mlevi aliyeua. Wakwe zangu wamenisihi niendelee kunyamaza kwa ajili ya jina la familia. Nimewajibu kwamba marehemu naye ni familia.

Shemeji bado ni msimamizi. Watoto wake wamekuwa wakubwa sasa, wawili wameoa. Kama amewahi kubisha hodi kwa mjane wa yule mwendesha pampu, muulizeni yeye. Msije kwangu. Mume wangu hakuwa mlevi, na mimi sisemi zaidi.