Nilimtazama Stella, Sikumtazama Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja pale Kilosa nilipofurahi kusikia mwenzangu ameshikwa na malaria. Mwanangu, usinihukumu upesi, nisikilize kwanza.

Tulikuwa wawili, mimi na Stella, binti wa Ulaya, ile ya huku huku Kilosa, si ng'ambo. Tulitoka chuo cha mifugo, tukaletwa kwa mafunzo ya vitendo chini ya Mzee Mdoe, bwana mifugo. Wakati huo serikali ilikuwa imesitisha ajira, na dawa za mifugo zimeanza kuuzwa na watu binafsi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anafungua duka la dawa Mikumi, akamwomba mzee ampatie kijana mmoja. Mmoja tu. Tangu nilipolisikia neno hilo, usingizi ulinipotea.

Stella alipendwa. Tukifika kwenye boma la wafugaji kule Rudewa, akina mama walimwita "binti yetu", wakampa maziwa ya kibuyu kabla yangu. Kila kicheko walichompa niliona kama kimetolewa mfukoni mwangu.

Basi alipougua, mzee akanipakia kwenye pikipiki peke yangu. Nikajisemea, leo ni leo. Bomani niliwaamkia wazee wa kiume, nikajaza sindano, nikamwendea moja kwa moja ng'ombe wa maziwa aliyekuwa anatibiwa. Akanipiga teke. Sindano ikapasuka, dawa yote ikamwagika kwenye samadi.

Mke wa mwenye boma, Mama Nasieku, akatoka nyumbani mwake.

"Kijana, ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Wa mzee, mama."

Wanawake wakacheka.

"Wa mzee akienda mnadani. Maadamu anakamuliwa, ni wangu. Binti yetu yuko wapi? Yeye hunisubiri nimshike kichwa, nimwite jina lake."

Njiani Mzee Mdoe alisimamisha pikipiki, injini ipoe.

"Umekwenda pale bomani na Stella mara nyingi. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilijua vitenge vyake vyote. Nilijua nani kamchekea na nani kampisha kigoda. Lakini alianza kumsalimia nani, na alisimama upande gani wa ng'ombe, sikujua. Macho hayana pazia, mwanangu, ila wivu huyashika yakatazama mtu, yakaiacha kazi.

"Usisafirie nyota ya mwenzio," mzee akasema. "Na hayo maziwa unayomwonea wivu, mbona ukipewa unakunja pua?"

Stella alipopona nilimuuliza anavyofanya. Akanionyesha yote, bila kuficha hata moja, na ukarimu ule ukanichoma kuliko lile teke.

"Si ungeuliza tu, kaka," akasema. "Mimi nilidhani unajua, maana ulikuwa hubandui macho."

Mafunzo yalipokaribia kwisha, mzee akaniita pembeni.

"Ungekuwa mimi, ungempeleka nani Mikumi?"

"Stella," nikasema.

Akaenda Stella. Mimi nilirudi nyumbani kushika jembe, na kazi nikaja kuipata baadaye sana.

Sasa wewe unayekwenda mafunzoni, sikia. Ukifika mahali pa kazi, msalimie mkubwa, kisha umtafute yule ambaye kitu kimo mikononi mwake, maana mara nyingi hao wawili si mtu mmoja. Kuuliza si ujinga, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenzako akisifiwa, tazama mikono yake; achana na vinywa vya wanaomsifu. Muda wa mafunzo ni mfupi, ukiutumia kupima nafasi ya mwingine utatoka mikono mitupu.

Mungu akupe jicho la kuona kazi, akupe na moyo mpana wa kumwona mwenzako akipata. Dua hiyo naiomba na kwa ajili yangu. Duka lile sasa ni la Stella mwenyewe, na kila basi likisimama Mikumi najiambia leo nitashuka nikamsalimie. Sijashuka bado.