Hodi Niliyopiga Ndani ya Diski

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwapo na macho yangu yalikuwa wazi. Tena ilikuwa mchana mweupe, mjini Mbarara, si porini.

Nilikuwa na studio ndogo ya picha pale Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Radi ikaunguza kompyuta. Bahati nzuri nilikuwa nimehifadhi nakala ya diski nzima, faili moja kubwa, kwenye diski ya nje niliyoiacha katika chumba changu Mbarara. Ukifungua nakala ya namna hiyo, kompyuta ya zamani inajitokeza yote, folda kwa folda, kama nyumba uliyoihama ukaacha vyombo. Unaingia, unatazama, unachukua chako.

Akaja Mama Neema, jirani yangu. Mumewe alikwenda ziwani, hakurudi. Mtumbwi ulipatikana, yeye hapana. Wakwe walitaka matanga yawekwe. Mama Neema akakataa katakata.

"Nipatie foto yake," aliniambia. "Nitaionyesha batu ba Mbarara. Pengine iko kule, alipotea tu."

Ningemkatalia vipi? Picha pekee ya yule bwana niliipiga mimi, nayo ilikuwa mle.

Basi nikaenda Mbarara, nikaazima kompyuta, nikafungua nakala. Mdomo wangu haujui kutulia: nikacheka, nikasema kwa sauti, "Hodi humu!" Sasa, mama yangu alitufundisha kwamba nyumba yenye msiba haipigwi hodi. Unaingia kimya, kwa sababu hujui atakayeitikia ni nani. Lakini nani alikuwa amekubali kwamba kuna msiba?

"Karibu," mtu akaitikia nyuma yangu.

Nikadhani ni mpangaji mwenzangu, maana mlango nilikuwa nimeuacha wazi kwa joto. Sikugeuka. Nilikuwa nafungua picha moja moja, majina yake namba tupu.

"Haiko mule," akasema taratibu. "Fungua ya mariage ya Rubondo. Kule mwisho."

Nikafungua folda ya harusi hiyo. Niamini, ilikuwa ya mwisho kabisa: Baba Neema, koti la kijani, mfuko umeshonwa kwa uzi mweupe. Nikageuka kumshukuru mwenzangu. Aliyekaa kitandani mwangu alivaa koti lile lile, mfuko ule ule, na maji yalikuwa yanamchuruzika hadi sakafuni.

"Umwambie Mama Neema asiniwekee tena chakula," akasema. "Kinaozaka bule."

Niliogopa, sikufichi. Nilifumba macho kama mtoto. Nilipofumbua, kitanda kilikuwa kitupu na shuka limelowa.

Nikarudi Kashojwa na picha. Nilitaka nimpe tu ninyamaze. Tumaini la mtu utalivunjaje? Lakini alipoishika akasema kesho anapanda gari. Hapo nikamwambia yote. Akakaa chini, pale pale mavumbini.

"Nani alikuambia juu ya ile sahani?" akauliza. "Ninaifichaka chini ya kitanda. Hata Neema hajue."

Hakwenda Mbarara. Jioni ile aliiosha sahani, akaifudikiza, ndipo akaanza kulia. Picha ikawekwa mezani siku ya matanga.

Mimi kazi hii ya picha na kompyuta bado naifanya, tumbo halijui mizimu. Ila kila nikifungua nakala ya diski ya mtu, kabla sijagusa folda ya kwanza, nasikia nyuma yangu, "Karibu." Sigeuki. Nawe, siku ukiingia humo kutafuta kilichokupotea, tafadhali ingia kimya. Hujui nani bado yumo.